Nilivyoliondoa somo la Takwimu kwenye kitabu cha kununua na kulishona upya kwa vitabu huria vya mtandaoni

Mkufunzi wa Nyanda (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nafundisha Takwimu za Awali ngazi ya stashahada katika chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Wakufunzi wenzangu wawili watatu wameniuliza pembeni nilifanyaje mpaka somo langu halina tena kitabu cha kununua. Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja niandike hapa, wengine wachukue na wengine wanikosoe. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Nianze na kilichonisukuma. Jioni moja niliingia maktaba nikamkuta binti wa darasa langu amesimama kwenye dawati la vitabu visivyoazimwa. Mkono mmoja anakibana kitabu kisijifunge, mkono wa pili ameshika simu yenye kioo kilichopasuka, anapiga picha ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye mazoezi ya sura ya saba akasita. Karatasi mbili hazikuwepo. Mtu alizikata kwa wembe, safi kabisa, karibu na mshono. Binti akafunua ukurasa uliofuata, akapiga picha, akaendelea. Hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma: alikuwa ameshazoea.

Maktaba ilikuwa na nakala tatu za kitabu hicho. Darasa lilikuwa na watu zaidi ya mia. Ukikiagiza dukani kinakufikia kwa laki na ushee. Kwa hiyo mambo yalikuwa yale mnayoyajua: steshenari ya getini inatoa kopi na kupiga spairo, mwenye hela ananunua, asiye nayo anasubiri madesa, yaani notisi za kunakili kwa wenzake. Na ile kopi ni kosa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimruhusu mtu anakili kitabu kizima na kukiuza getini. Mimi niliyekuwa nikiwaambia wanafunzi "tafuteni kitabu" nilikuwa nawatuma huko huko, na nilijua.

Nilikuwa nimesikia habari za Introductory Statistics, kitabu cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, Marekani. Kimeandikwa na Barbara Illowsky na Susan Dean, walimu wa De Anza, chuo cha jamii cha California, na OpenStax walikitoa 2013. Kina sura 13, kuanzia sampuli na data mpaka uchanganuzi wa mtawanyiko, mazoezi yake ni mengi, na kukipakua hulipi hata senti. Nikakipakua, nikakitupa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, nikaona nimemaliza kazi.

Wiki mbili baadaye CR, yaani kiongozi wa darasa, akanifuata ofisini na mwenzake. "Mwalimu, samahani, kile kitabu kimetushinda."

Nikawaketisha, tukakifungua pamoja. Faili ni zito, wengine simu ziligoma kulifungua, wengine bando liliisha likiwa katikati. Hilo nilikuwa nalitegemea. Lakini walionyesha kitu ambacho sikukitegemea. Kila panapofika hesabu ya mgawanyo wa kawaida, kitabu kinamwambia mwanafunzi aandike normalcdf kwenye kikokotoo. Hiyo ni amri ya vikokotoo vya TI-83 na TI-84, ambavyo wanafunzi wa Marekani wanavyo. Wangu wana Casio. Yule kijana alikuwa ametafuta normalcdf kwenye Casio yake siku nzima, akahitimisha kwamba kikokotoo chake ni feki. Halafu mifano: wachezaji wa besiboli, joto kwa Fahrenheit, uzito kwa pauni, maegesho ya magari chuoni. Mtoto wa mkulima wa viazi anajifunza kwanza besiboli ni nini ndipo afike kwenye wastani.

Mtumba unaweza kuwa na kitambaa kizuri lakini umekatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Huutupi, unaupeleka kwa fundi. Jioni ile ndipo nilipousoma kwa makini ukurasa wa leseni ambao siku zote nilikuwa naupita. Ile nakala niliyokuwa nayo ilikuwa chini ya Creative Commons BY: naruhusiwa kukinakili, kukikata, kukibadilisha, kukitafsiri, kukichapa, hata kukiuza, mradi nimtaje mwandishi, nitaje leseni na niseme nimebadilisha nini. Kwangu ubure wa kitabu ukawa jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba nimepewa mkasi.

Nitaendelea na namna nilivyokata. Naomba kwanza nile.

Mzee wa Chaki

Nakusoma, mwanangu, lakini nina wasiwasi. Nimefundisha miaka thelathini na mbili. Kitabu cha kiada kina mhariri, kina mchapishaji anayeweka jina lake rehani. Mtandaoni kila mtu anaandika. Leo mwanafunzi anakuletea jibu kutoka kwenye blogu ya mtu asiyejulikana na anabisha nalo. Ukiondoa kitabu darasani, unabaki na nini cha kumshikisha?

Kijana wa Sup

Shikamoo wakubwa. Mwalimu, mimi ni mwanafunzi, sio wa chuo chako. Naomba useme na habari ya bando. Walimu wetu wakishaambiwa "mtandaoni" basi wanatuma link tu, na sisi bumu, ile hela ya mkopo wa kujikimu, halijaingia. Link kumi kwa wiki, kila moja ina video. Bora hata ile kopi ya getini, unailipa mara moja.

Mkufunzi wa Nyanda (mleta uzi)

Shikamoo Mzee. Marahaba kijana. Nyote wawili mmegusa penyewe.

Mzee, wasiwasi wako ni wa haki, na ndiyo maana sikuwaambia wanafunzi "nendeni mtandaoni". Vitabu vya OpenStax vina waandishi wanaojulikana na vinapitiwa na wataalamu wa fani kabla ya kutoka, kama kitabu chochote cha chuo. Kilichobadilika ni nani analipia gharama: wafadhili wanalipia uandishi mwanzoni, msomaji halipi mwishoni. Kuhusu kama wanafunzi wanaporomoka, kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia kule Marekani uliochapishwa 2018, wanafunzi 21,822, ukilinganisha madarasa yaliyotumia vitabu vya kununua na yale yale yalipohamia OpenStax. Alama zilipanda, na idadi ya wanaofeli au kuacha somo ikapungua, na waliofaidika zaidi ni wanaosoma kwa ruzuku ya serikali, yaani watoto wa wasio na uwezo. Sisemi matokeo ya Georgia ni ya hapa. Nasema hofu kwamba kitabu cha bure kinashusha kiwango, pale walipoipima hawakuiona.

Sasa kukata. Nilianzia mwisho. Nilichukua karatasi nikaandika mhitimu wangu akiajiriwa halmashauri, au kwenye shirika, au akirudi kusimamia ushirika wa kijijini, ataombwa kufanya nini na namba. Kusoma jedwali la sensa bila kupotoka. Kuchagua kaya za kuhoji bila kupendelea zile zilizo kando ya barabara. Kuchora chati isiyodanganya. Kusema wastani fulani umebadilika kweli au ni bahati tu. Karatasi hiyo niliipeleka kwenye mtaala wetu ulioidhinishwa, nikahakikisha kila lengo la mtaala lina mahali pake. Hii ni muhimu: sikubadilisha mtaala, nilibadilisha njia ya kuufikia. Ukigusa mtaala unaingia kwenye vikao vya ithibati na hutoki leo.

Baada ya hapo ndipo nikafungua kitabu. Sura 13 nikazishusha hadi nane. Sura ya mwisho, ya mgawanyo wa F na uchanganuzi wa mtawanyiko, ikaenda, tunaufundisha mwaka wa pili. Zile za uwezekano nikaziunganisha. Amri zote za TI nikazifuta, mahali pake nikaweka jedwali la z la karatasi na, kwa wenye kompyuta, hatua za LibreOffice Calc, ambayo nayo ni bure. Kazi ya kufuta ni siku mbili tatu. Kazi ya mifano ndiyo iliyokula likizo yangu nzima.

Nitoe mfano mmoja muuone kwa karibu. Sehemu ya viwango vya ukuaji nikaondoa mifano ya dola, nikaweka sensa zetu mbili. Agosti 2012 Tanzania tulihesabiwa watu 44,928,923. Agosti 2022 tukawa 61,741,120. Swali: tunakua kwa asilimia ngapi kwa mwaka? Darasa zima, karibu wote, wakafanya hivi: ongezeko ni 16,812,197, ambalo ni asilimia 37.4 ya watu wa mwanzo, gawa kwa miaka kumi, jibu 3.74. Wakaniangalia kama watu waliomaliza.

Nikawaambia sawa, chukueni 44,928,923 mkuze kwa 3.74 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, mara kumi. Vikokotoo vikaanza. Wakafika karibu milioni 64.9. Kukawa kimya. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, hawa milioni tatu tumewatoa wapi?" Ndipo tukazungumza kwamba mtoto aliyezaliwa 2013 naye yumo kwenye hesabu ya 2014, ni kama riba inayozaa riba, kwa hiyo hatugawi kwa kumi bali tunatafuta kipeuo cha kumi. Jibu likatoka 3.2, ile ile waliyoitangaza Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi kwa mifano ya dola na benki, na sijawahi kuulizwa swali kama la milioni tatu.

Kijana, bando nakuja nalo.

Mkutubi Mkongwe

Mwalimu umeandika vizuri sana. Niongeze upande wa maktaba, maana watu wanachanganya mambo matatu.

Kuna vitu vya bure kusoma ila huruhusiwi kuvigusa. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania iko hivyo: vitabu vya shule vinasomeka bila malipo, lakini ukivichukua ukavikata ukavichapa, hapana. Kuna vilivyo bure kwa sababu ya nchi yetu tu. Research4Life, mpango wa kusoma majarida ya kitaaluma, ni mfano, programu yake ya kwanza ya afya, Hinari, ilianza 2002, na vyuo vya Tanzania vinaingia bila kulipa kwa sababu ya kundi la nchi tulilomo. Ni hazina kwa wanaofundisha uuguzi, kilimo na mazingira, na vyuo vingi havijasajiliwa wala havijui. Lakini makala zile nazo ni mali ya wachapishaji. Halafu kuna kundi la tatu, rasilimali huria za elimu, neno lililozaliwa kwenye mkutano wa UNESCO Paris mwaka huo huo wa 2002. Hizi ndizo zenye leseni inayoruhusu kubadilisha. UNESCO ilipitisha Pendekezo rasmi juu yake Novemba 2019, kwa hiyo mkuu wa idara akikuuliza "nani kakuruhusu", una karatasi ya kumwekea mezani.

Angalieni herufi za leseni. BY peke yake ni huru kabisa, mradi umtaje mwandishi. Ukiona SA, ulichobadilisha nawe lazima ukitoe kwa leseni ile ile. NC ni kwamba usikifanyie biashara. Masomo ya mtandaoni ya MIT OpenCourseWare na Khan Academy yako hapo. ND ni marufuku kusambaza kilichobadilishwa, na tafsiri ni badiliko, kwa hiyo kitabu chenye ND huwezi kukigawa kwa Kiswahili hata ukitafsiri kwa nia njema. Nimewahi kumzuia mkufunzi mmoja dakika za mwisho akiwa tayari ameshatafsiri sura mbili za kitabu cha ND. Aliumia sana. Soma leseni kabla ya kushika kalamu.

Mwalimu wa Kisumu

Hongera mwalimu, nimefurahi kusoma haya. Mimi nafundisha Fizikia katika chuo cha ualimu huku Kenya. Tulianzia kwenye moduli za African Virtual University, ile iliyokuwa na makao Nairobi, ambayo ilitoa moduli za hisabati, sayansi na ualimu kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno kwa leseni huria. Zimeandikwa na walimu wa Afrika, kwa hiyo mambo ya besiboli hayamo. Ubaya wake ni kwamba nyingine zimezeeka na viungo vya nje vilivyomo havifunguki tena. Nilijifunza kwa uchungu kwamba ukijenga somo juu ya viungo vya watu, siku moja utaingia darasani na ukuta umeanguka. Pakua kila kitu, weka kwako.

Na walimu wa sayansi msisahau PhET, maigizo ya majaribio ya kwenye kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder yaliyoanzishwa na Carl Wieman. Mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili na yanafanya kazi bila intaneti ukishayapakua. Chuo chetu kina amita tatu kwa wanafunzi arobaini. Kwa PhET kila kikundi kinaunganisha saketi yake, kinachoma betri, kinaanza tena, halafu ndipo wanakuja kwenye amita ya kweli wakiwa wanajua wanatafuta nini.

Mkufunzi wa Nyanda (mleta uzi)

Mkutubi na mwalimu wa Kisumu, asanteni. Hilo la kupakua kila kitu ndilo jibu la nusu la kijana.

Kijana, mimi link nimeziacha kabisa. Somo zima liko katika vipande vinane, kila kipande ni sura moja, PDF nyepesi isiyo na picha za mapambo, inafunguka kwenye simu ndogo. Siku ya kwanza ya muhula nakuja na flashi mbili na kisoma kadi, wanafunzi wanahamishiana darasani, simu kwa simu, hakuna anayetumia bando. Chumba cha kompyuta tumeweka Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo ya Khan Academy na mengineyo kwenye kompyuta moja, nyingine zinasoma kupitia waya wa ndani ya jengo. Intaneti ikikatika, hakuna anayejua imekatika. Kiwix nayo tumeweka, wanasoma Wikipedia bila mtandao, ya Kiingereza na ya Kiswahili.

Na kwa asiyetaka kusoma kwenye simu, karatasi ipo. Hapa nina kisa. Nilimpelekea mwenye steshenari ya getini vile vipande vinane, nikamwomba awe anawachapia wanafunzi. Akaangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mwenyewe wa kitabu hatatuletea shida?" Nikamfungulia ukurasa wa pili, nikamsomea leseni kwa Kiswahili mstari kwa mstari: unaruhusiwa kuchapa, unaruhusiwa kuuza. Akakata nakala ya ukurasa ule akaubandika ukutani, juu ya mashine. Bado upo. Kitabu kizima cha somo langu mwanafunzi anakipata kwa bei ya karatasi na wino, na yule baba anafanya biashara yake bila kificho.

Mbongo wa California

Habari za huko. Nasoma chuo cha jamii huku California, nimekuta uzi huu nikaona niwape picha ya huku, maana ndiko kitabu hicho kilikozaliwa. Huku kitabu kimoja cha darasa kinaweza kufika dola mia mbili, na watu wanaacha somo wakiona bei. Jimbo lilipitisha sheria 2016 kwamba vyuo vya umma vionyeshe kwenye ratiba ya usajili, kwa alama, ni madarasa gani hayana gharama ya kitabu, ikaanza kutumika 2018. Mimi nachagua madarasa kwa kuangalia alama ile kwanza. Virginia nako, Tidewater Community College, walifika mbali zaidi: 2013 walianzisha shahada ya miaka miwili ya biashara ambayo somo hata moja halidai kitabu cha kununua.

Kitu kimoja nimekiona huku: mwalimu akilifanya peke yake, akihama chuo, somo linakufa au linarudi kwenye kitabu cha zamani. Pale idara nzima ilipokubaliana, linadumu. Mleta uzi, wewe ukihama je?

Mkufunzi wa Nyanda (mleta uzi)

Ndugu yangu, umenigusa kidonda, na nitalisema wazi. Kazi hii niliifanya likizo, kwa kompyuta yangu, kwa umeme wangu. Nilipoomba ihesabiwe kwenye mzigo wa kazi niliambiwa kuandaa somo ni wajibu wa mkufunzi. Nikikishona kitabu kizima kwa mtaala wa chuo, hakihesabiwi. Nikiandika makala ya kurasa nane kwenye jarida, inahesabiwa kunipandisha daraja. Sinung'uniki kwa ajili yangu tu. Mwenzangu wa Uchumi alitaka kufanya hivyo hivyo, kitabu cha OpenStax cha Uchumi kipo tangu 2014, akapiga hesabu ya muda, akaacha. Ana watoto wadogo na anafundisha jioni chuo kingine. Siwezi kumlaumu. Chuo kinachotaka jambo hili kimpe mkufunzi muhula mmoja wa vipindi pungufu, basi. Hakihitaji mradi wala mfadhili kwa hilo.

Kuhusu kuhama: vipande vyote nimevihifadhi katika faili linaloweza kuhaririwa, si PDF peke yake, na liko maktaba kwa mkutubi, kwa idara, na kwa CR wa kila mwaka. Atakayekuja akute mkasi na kitambaa, asikute nguo iliyoshonwa tu.

Mzee wa Chaki

Nimesoma yote. Hilo la milioni tatu limenifurahisha. Nauliza kwa nia njema: hao wanafunzi wanasoma kweli, au wanayo tu kwenye simu kama walivyokuwa na kopi?

Mkufunzi wa Nyanda (mleta uzi)

Mzee, wapo wanaoyabeba tu bila kusoma. Ila nikueleze lililotokea kwenye sura ya nadharia tete, yaani ya kupima dai kwa data, unisaidie kulipima wewe mwenyewe.

Sura ile kwenye kitabu ina mifano mingi mizuri lakini ya mbali. Mimi nikaweka lumbesa. Huku kwetu kila mtu anaijua: gunia la viazi linalopaswa lisizidi kilo 100, mnunuzi analijaza mpaka linaota kilemba cha kamba juu, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Ni marufuku na linafanyika. Swali la sura likawa: tukichukua sampuli nasibu ya magunia sokoni, tunaweza kusema wastani wake umezidi 100, au tumebahatisha mazito?

Wanafunzi wakaenda sokoni kwa vikundi. Kikundi kimoja kilirudi na namba nzuri mno, nikauliza mlichaguaje magunia. Wakanyamaza, halafu wakasema waliyopima ni yale yaliyokuwa karibu na mzani. Nikawarudisha, wakapange namba, wakachague kwa nasibu. Walirudi wamechoka, wamelowa mvua, na namba ambazo hazikupangika vizuri kama za kwanza. Kijana mmoja alipomaliza hesabu na kuona ushahidi unatosha kuikataa dhana kwamba wastani ni 100, aliweka kalamu chini akasema, "Baba yangu anauza magunia kumi kila msimu." Akachukua tena kalamu akazidisha zile kilo za ziada kwa kumi, halafu kwa miaka. Sikumwambia afanye hivyo, na halikuwa swali la mtihani.

Zoezi hilo limeingia kwenye sura, na data yao imo, bila majina ya wanafunzi, wauzaji wala wanunuzi. Darasa la mwaka huu linaanza na data ya mwaka jana na linaongeza yake.

Mzee wa Chaki

Basi nimekuelewa. Nitumie hiyo sura. Nina wajukuu wawili chuoni.

Kijana wa Sup

Mwalimu mimi nina sup, mtihani wa kurudia, ya Takwimu mwezi ujao. Naruhusiwa kuichukua na mimi si wa chuo chako? Na SPSS, ile programu ya takwimu ya kununua, je, maana huku wanatudai tufanye kwa SPSS na iliyopo kwenye kompyuta zetu ni ile ya kuchakachua.

Mkufunzi wa Nyanda (mleta uzi)

Unaruhusiwa, na mwenzako yeyote anaruhusiwa. Leseni niliyoiweka juu ya marekebisho yangu ni ile ile, BY.

SPSS ya kuchakachua achana nayo, mara nyingi inakuja na virusi na inakufa siku ya kuwasilisha. Jaribu jamovi au JASP, zote bure, madirisha yake yanafanana na uliyozoea, na mafaili ya SPSS zinafungua. Ukipata nguvu baadaye nenda kwenye R, lugha ya bure ya kukokotoa takwimu, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland. Mwombe mwalimu wako akubali matokeo kutoka huko, hesabu ni ile ile. Akikataa, fanya kwa SPSS ya maabara ya chuo, ila jifunzie nyumbani kwa jamovi.

Kwa wanaotaka kuanza, msianze na somo zima. Chukua sura moja, ile ambayo kila mwaka wanafunzi wanaanguka, ishone, ifundishe muhula huu, uone. Ukiandika, weka ukurasa wa pili maneno haya: jina la kitabu cha asili, waandishi, kinakopatikana bure, leseni, na orodha fupi ya ulichobadilisha. Mimi kila mwisho wa sura nimeweka pia sanduku la istilahi, neno la Kiingereza la mtihani na Kiswahili chake: sampuli nasibu, mtawanyiko, uwezekano, nadharia tete. Wanafunzi wanajibu mtihani kwa Kiingereza lakini wanabishana kwa Kiswahili, na bishano ndiko wanakoelewea. Wa ualimu waangalie pia TESSA, mradi ulioratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Una moduli za Kiswahili tayari, hamna haja ya kutafsiri.

Sasa ombi langu. Sura ya uhusiano wa mistari bado ina mfano wa kigeni, sijapata data nzuri ya nyumbani yenye vitu viwili vinavyopanda pamoja. Aliye Kigoma au Mwanza, mwenye namba za dagaa, uzito na bei, kwa wiki kadhaa mfululizo, hata kama ziko kwenye daftari la mama anayeuza mwaloni, apige picha zile kurasa anitumie, kwa ruhusa ya mwenye daftari. Nitaziandika upya mwenyewe. Na yule binti wa maktaba, ambaye sasa yuko mwaka wa pili, wiki iliyopita alinifuata akasema jibu la zoezi la 14, sura ya tatu, nimekosea desimali. Nimelipiga hesabu, kweli nimekosea. Walio na nakala ya muhula uliopita wafute 0.34, waandike 0.034.